Nyumba Iliyotolewa: Habari za Akina Mama wa Texas na Zawadi Zao



Historia yetu wenyewe mmeisoma kurasa zilizotangulia: sanduku lilinunuliwa wapi, nani alishika ufunguo wa kwanza, nani alikopa akanunua mbuzi na mbuzi akazaa mapacha. Hatutairudia. Kamati ilituomba tuandike juu ya akina mama wengine, wa mbali, waliojaribu jambo ambalo sisi tunalifanya nusu nusu bila kulipa jina, yaani kutoa bila kudai kurudishiwa. Walijenga nyumba kwa kutoa, wakaziendesha wao wenyewe, na mwisho nyumba moja wakaitoa pia. Hapo ndipo penye somo, nasi tutafika.

Wao ni wa Texas, huko Marekani, lakini habari zao zinapita karibu nasi kuliko mnavyodhani. Zinapita Nairobi, mwezi wa Julai mwaka 1985.

Wengine wetu tulikuwa wasichana wakati ule, wengine hata hatujazaliwa. Umoja wa Mataifa ulikuwa unafunga Mwongo wa Wanawake ulioanzia Mexico City mwaka 1975. Wajumbe wa serikali walikaa kwenye jumba la mikutano la Kenyatta, na mashirika na wanawake wa kawaida wakakusanyika Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia tarehe 10. Walifika kama 14,000, idadi ambayo haikuwahi kuonekana katika mkutano wa wanawake kabla ya hapo. Uwanjani hapo chuoni palisimamishwa hema kubwa la mistari ya buluu na nyeupe, likaitwa Hema la Amani. Ndani yake waliketi wanawake ambao nchi zao zilikuwa hazisemezani: Wamarekani na Warusi, Waisraeli na Wapalestina, Wairani na Wairaki ambao waume na watoto wao walikuwa vitani. Hawakukosa kugombana, na mara nyingine sauti zilipanda. Lakini walikuwa na mahali pa kukaa, na hakuna aliyewatoza kiingilio.

Miongoni mwa waliotoa fedha na jasho ili hema lile lisimame alikuwa mama mmoja wa Texas aitwaye Genevieve Vaughan. Alizaliwa Corpus Christi mwaka 1939, katika familia iliyopata utajiri kwa mafuta ya petroli. Aliolewa na mwanafalsafa wa Italia, Ferruccio Rossi-Landi, akaishi Italia miaka mingi akilea watoto, kisha wakaachana. Mwaka 1983 akarudi kwao Texas akiwa na urithi mkononi na wazo kichwani.

Wazo lenyewe ni rahisi kulisema, kulifuata ndiyo kazi. Mumewe na wenzake walikuwa wakieleza lugha kana kwamba ni soko, maneno yanauzwa na kununuliwa. Yeye alikuwa anawatazama watoto wake. Mtoto hanunui maneno. Anapewa, kama anavyopewa ziwa, kama anavyofutwa kamasi, na hana chochote cha kulipa. Kila binadamu, alisema mama huyu, awe rais au mchukuzi wa mizigo, amefika alipofika kwa sababu kuna mtu alimpa bila kumdai. Soko linakuja baadaye na linakaa juu ya kazi hiyo ya bure, kama paa linavyokaa juu ya ukuta, halafu linajifanya ndilo nyumba nzima. Katika kubadilishana, nakupa kwa sababu nataka unipe, na jicho langu liko kwangu mwenyewe. Katika kutoa, jicho liko kwenye haja ya yule mwingine. Wazo hilo alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1997, For-Giving.

Wapo wasomi watakaobisha. Marcel Mauss, Mfaransa, aliandika mwaka 1925 kwamba hakuna zawadi ya bure, kila zawadi hubeba deni. Nasi tukiwa wakweli tunamwelewa, maana tunalo daftari la harusi. Si mnalijua? Fulani alileta leso doti mbili na sufuria, mwanawe akiolewa nami nipeleke zisizopungua. Ole wako ukipeleka moja! Hiyo ni biashara iliyovaa nguo za sherehe, na wala si mbaya, ndiyo inayotufungamanisha. Lakini Vaughan alikuwa anaonyesha kitu kilicho chini ya daftari. Hakuna mama anayemwandikia mtoto uji.

Sasa tuje kwenye kazi yake. Mwaka 1987 alianzisha huko Austin, mji mkuu wa jimbo la Texas, shirika lililoitwa Foundation for a Compassionate Society, yaani Shirika la Jamii Yenye Huruma. Lilikuwa la wanawake watupu, wa rangi na asili mbalimbali: Weusi, Wazungu, wenye asili ya Mexico, na wenyeji wa asili wa Amerika. Mambo waliyoyashughulikia yalikuwa mengi mno, mengine tunayapita haraka. Redio hatuwezi kuiruka. Tarehe 1 Mei 1991, kwa msaada wa shirika hilo, wanawake walianza kutangaza kutoka Costa Rica katika masafa mafupi, kwa Kihispania na Kiingereza, kipindi kilichoitwa FIRE. Mwanamke aliyekuwa na redio ya betri aliweza kusikia wanawake wenziwe wa nchi nyingine wakijisemea wenyewe.

Ila lililotugusa zaidi ni nyumba. Lilikuwapo shamba la Stonehaven karibu na mji wa San Marcos, na lilikuwapo Alma de Mujer, jina la Kihispania lenye maana ya Roho ya Mwanamke, kwenye vilima vya mawe ya chokaa nje ya Austin, eneo la zaidi ya ekari 20 lenye miti. Yalikuwa makao ya mafungo, kama wenzetu Wakatoliki wanavyosema, ila si ya kufunga kula na kusali peke yake. Kikundi kinachopigania maji safi, au kinachotetea wafanyakazi, au kinachopinga silaha, kilikwenda kule kikakutana, kikalala, kikapanga kazi yake. Wanawake ndio waliokuwa wasimamizi.

Mtu atauliza, nyumba ya kulala ina mchango gani katika kubadili jamii? Tuwaulize wanawake wanaokutana chini ya mwembe. Mikutano ya akina mama karibu kote duniani hufanyika mahali pa mtu mwingine: darasa la kuazima ambalo mwalimu analitaka saa kumi, ukumbi wa kanisa, sebule ambayo baba mwenye nyumba akirudi mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Na hata palipo na mahali, saa hazipo. Tunaanza saa nane na nusu, saa kumi wa kwanza ameshainuka kwenda kuteka maji, na lile jambo zito lililopaswa kusemwa linabaki kooni. Anayelala nje ya nyumba yake siku mbili, akapikiwa, akaoga maji aliyoyakuta ndooni, huwaza mambo ambayo aliye mbele ya moto hapati nafasi ya kuyawaza. Anasema lile la kooni. Nyumba za namna hiyo zinatoa muda, na muda ndio kitu mwanamke hapewi na mtu.

Alma de Mujer iliongozwa kwa miaka na Marsha Gómez, mfinyanzi na mchongaji mwenye damu ya Choctaw na ya Mexico. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Indigenous Women's Network, mtandao wa wanawake wenyeji wa asili ulioundwa mwaka huohuo wa 1985 katika mkutano huko Yelm, jimbo la Washington. Ndiye aliyetengeneza sanamu ya Madre del Mundo, Mama wa Dunia, mwanamke aliyeipakata dunia kama mtoto. Mwaka 1988 ilipelekwa jangwani Nevada, mbele ya eneo la serikali la majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kati ya mwaka 1951 na 1992 yalilipuliwa pale mabomu zaidi ya 900, kwenye ardhi ambayo watu wa Western Shoshone wanasema hawakuitoa kamwe, na wana mkataba wa mwaka 1863 wa kuonyesha.

Huko huko Nevada, mahali paitwapo Cactus Springs, Vaughan alijenga hekalu dogo mwaka 1993 kwa ajili ya Sekhmet, mungu wa kike wa Misri ya kale. Sisi tuna makanisa na misikiti yetu na hatuna haja ya mungu huyo, jambo hilo tunamwachia mwenyewe. Lakini tulisimama hapa: ardhi ile aliinunua, kisha akawarudishia Western Shoshone. Alijenga juu ya ardhi ambayo sasa wenyewe ni wengine. Na wageni wafikao hawatozwi.

Mwaka 1996 lilifanyika kubwa zaidi. Alma de Mujer, majengo na ardhi yake, ilikabidhiwa kwa Indigenous Women's Network iwe mali yao. Hawakukodishwa, wala hawakuambiwa kaeni tu wakati tunawaangalia. Waliokuwa wakialikwa wakawa wenye nyumba.

Tuseme ukweli pia, maana historia ya kusifu tu haina faida. Fedha zile zilikuwa za mafuta, na mafuta ni soko tupu. Kilichotolewa kwa mkono wa kulia kilikuwa kimeingia kwanza kwa mkono wa biashara. Tena mtoaji mkubwa alikuwa mmoja. Shirika linalokula kwenye mfuko wa mtu mmoja linajua kwamba mfuko una kina, na kina kilionekana. Mwaka 1998 kazi zilipunguzwa sana, na mwaka 2005 shirika likafungwa. Hapa sisi wa senti kidogo kidogo tunaweza kuwacheka kidogo: sanduku letu halina tajiri, na asipokuja mmoja wengine tisa wanatia. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na wengi wakitoa kidogo hakuna siku moja ambapo mlango unafungwa kwa sababu mtu mmoja ameishiwa.

Lakini cheko letu lisiwe refu. Shirika lilipofungwa mwaka 2005, Alma de Mujer ilikuwa imeshakaa miaka tisa mikononi mwa wenyewe wapya. Hivyo kufungwa kwa shirika hakukuwa kuuza nyumba ile. Ingebaki kwa jina la shirika ingeingia kwenye hesabu za kufunga, pamoja na meza na viti. Iliponea kwenye karatasi ya mwaka 1996. Kwa maoni yetu, miaka tisa kabla ya hapo, kuanzia 1987, ilikuwa ukarimu, na zawadi yenyewe ilitimia siku ile mkono ulipoachia.

Basi turudi kwetu, kwa mambo mawili yaliyo mbele ya mkutano mkuu.

La kwanza ni lile kopo la pili. Mnajua, sanduku kubwa ni la akiba na mikopo, lina riba, lina faini, nalo ni haki yake, bila hivyo tungekufa mwaka wa kwanza. Kopo ni la msiba na ugonjwa, linatoa na halidai. Kuna pendekezo kwamba fedha za kopo zimelala bure, tuzikopeshe kwa riba ndogo. Waliolileta si wabaya, hesabu zao tumeziona na ni sahihi. Ila mama aliyefiwa akija kuchukua, atachukua msaada au atachukua mkopo? Na kopo likikutwa tupu kwa sababu liko kwenye biashara ya mtu ya samaki, tutamwambia asubiri marejesho? Sisi tulioandika ukurasa huu tutapiga kura ya hapana, na tunasema mapema ili asije mtu akasema tulijificha.

La pili ni kiwanja cha nyumba yetu ya mabati. Kila mgeni tunamwambia kwa fahari kwamba tulipewa na mama yetu mzee, na ni kweli alitupa, kwa mdomo, mbele ya wazee na juisi ikanywewa. Jina lililoko kwenye hati ni lake. Yeye Mungu amweke, lakini ana watoto mjini, na watoto wana wake, na wajukuu hawakuwepo siku ile ya juisi. Tulipokwenda kumweleza habari za Texas alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwani mimi bado sijawapa?" Tukamwambia bado kidogo, mama. Akacheka, akasema tulete karatasi.

Fomu za kuomba ridhaa ya bodi ya ardhi ziko kwa katibu. Zinahitajika nakala za vitambulisho vya wadhamini watatu wa kikundi, muhtasari wa mkutano uliotiwa sahihi, na ada ya mpimaji, ambayo mweka hazina ataitangaza. Mama amesema Jumanne yoyote anaweza kutoka, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, mradi apatikane mtu wa kumchukua kwa gari hadi barabarani.