Ni Nani Anayeandika Orodha?



Mara nyingi tunasikia kwamba serikali imsaidie mkulima. Ni neno la haki. Lakini tujiulize pia: msaada ukitolewa, unamfikia nani? Historia ya jirani zetu wa Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, inaweza kutufundisha, kwa kuwa wao wamekwisha kujaribu njia zaidi ya moja.

Katika miaka ya 1970 na 1980, serikali ya Tanzania ilibeba sehemu ya bei ya mbolea. Msaada wa namna hiyo huitwa ruzuku. Aliyenunua mifuko mingi alipata ruzuku nyingi. Asiyeweza kununua hata mfuko mmoja hakupata kitu. Mzigo ulipoilemea hazina, na wakopeshaji wa kigeni walipodai matumizi yapunguzwe, ruzuku iliondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mwaka 2008, bei za chakula na mbolea zilipopanda duniani kote, serikali ilieneza mpango mpya wa vocha, ambao baadaye uliungwa mkono na Benki ya Dunia. Vocha ilikuwa hati iliyolipa nusu ya bei ya mbolea na mbegu bora za mahindi au mpunga, kwa ekari moja. Ilikusudiwa wakulima wadogo, wenye shamba lisilozidi hekta moja, na familia zinazoongozwa na wanawake zilipaswa kutangulizwa. Wa kuchagua majina hakuwa afisa wa mjini, bali kamati ya kijiji chenyewe. Wazo lilikuwa jema, kwani jirani humjua jirani kuliko mgeni.

Matokeo yalikuwa mengine. Wachunguzi wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walifuatilia mgawanyo huo katika mkoa wa Kilimanjaro. Waliona kwamba karibu asilimia 60 ya vocha zilifika katika nyumba za viongozi waliochaguliwa wa vijiji. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vile vyenye tofauti kubwa kati ya tajiri na maskini. Pale ambapo vocha zilikuwa nyingi na watu waliaminiana, maskini walipata nafuu.

Tusikimbilie kusema kwamba viongozi wale wote walikuwa wezi. Mpango wenyewe ulimtaka mkulima alipe nusu ya bei iliyobaki. Mjane asiye na fedha mkononi wakati wa kupanda angefanya nini na hati hiyo? Kiongozi ndiye aliyesikia habari mapema, ndiye aliyeweza kulipa, na jina lake lilikuwa karibu na kalamu. Hivyo msaada uliotengwa kwa ajili ya mdogo uliweza kumpita bila mtu yeyote kuvunja kufuli la ghala.

Mwaka 2022, mbolea ilipopanda bei tena, Tanzania ilirudisha ruzuku kwa kuwasajili wakulima katika daftari la kielektroniki. Kamati haikuchagua tena majina. Lakini kiasi kinafuata ukubwa wa shamba lililosajiliwa, na hivyo mwenye ekari nyingi hupata mbolea nyingi. Swali la miaka ya 1970 limerudi kwa sura nyingine.

Sisi pia, katika vijiji vyetu, tunaona mbegu na majembe yakigawanywa kwa orodha. Wengi wenu mnajua kusoma na kuandika kuliko wazee wenu, na huenda mkaitwa kuishika kalamu hiyo. Siku hiyo ikifika, orodha isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kugawa, wala si baada yake. Aulizwe kila mmoja kama ataweza kulipa sehemu yake, na kama hawezi, kijiji kitafute njia. Na majina ya wanakamati na jamaa zao yasomwe kwanza, ili kila mtu ayahesabu.