Si Pombe ya Mbao: Hoja ya Kipofusho

"Pombe ya mbao" si tafsiri ya methanoli. Ni kosa, na sasa kosa hilo limeanza kubandikwa ukutani. Nililiona kwanza katika rasimu ya istilahi za kemia tuliyoletewa walimu ili tuitolee maoni. Kisha nikalikuta hapa Kathiani, katika karakana ya samani karibu na soko, limeandikwa kwa kalamu nene nyekundu: TAHADHARI. POMBE YA MBAO. USINYWE. Chini ya karatasi hiyo palikuwa na mtungi wa manjano wa lita 20, ule uliokuwa wa mafuta ya kupikia, mdomo wake umezibwa kwa karatasi ya nailoni iliyosokotwa. Kijana anayejifunza useremala pale akaniuliza, "Mwalimu, kama ni pombe, mbona wanatukataza?"

Sikuona ubaya wa swali lake. Ubaya uko kwa waliomkabidhi neno hilo.

Huku kwetu Ukambani pombe ni uki. Ni kinywaji cha wazee, cha posa, cha kupatanisha waliogombana. Mtu mzima akisikia "pombe" anasikia kitu kinachonyweka, hata kama yeye mwenyewe hakinywi kwa sababu ya dini au ya tumbo. Ukimwongezea "ya mbao" hujamtisha. Umemtajia aina nyingine tu, kama unavyosema pombe ya muwa au pombe ya asali. Muundo huo wa a-unganifu katika Kiswahili hutaja malighafi, na malighafi haijapata kuwa onyo. Kamati iliyoliingiza neno hili katika rasimu ilikuwa na wataalamu wa sarufi, nami nashindwa kuelewa ni vipi hakuna hata mmoja aliyelisema hilo.

Machakos tuna haki ya kulikasirikia jambo hili kuliko wengine. Mnamo Juni 2005 karibu watu 50 walikufa katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Karibu miaka mitano kabla yake, Novemba 2000, mitaa ya Mukuru jijini Nairobi ilikuwa imezika watu zaidi ya 100 kwa sababu iyo hiyo, na miongoni mwa walionusurika wapo waliobaki vipofu. Mei 2014 ikawa zamu ya Embu, Kitui, Makueni, Kiambu na Murang'a. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Katika misiba hii, kilichoua ni kemikali ya viwandani, ya kuyeyushia rangi na vanishi, iliyomiminwa ndani ya kinywaji ili kikolee haraka na mwuzaji apate faida. Halafu leo mtu aketi kwenye meza ya semina aiite kemikali hiyo pombe!

Najua wanakamati walikolitoa jina hilo. Wamelitafsiri jina la kigeni la zamani neno kwa neno, bila kuuliza kama jina hilo lenyewe ni zima. Nalo si zima. Mwaka 1834 wanakemia wawili Wafaransa, Jean-Baptiste Dumas na Eugène Péligot, walikichunguza kiowevu kilichokuwa kikipatikana kwa kuchoma mbao katika chombo kilichofungwa. Robert Boyle alikuwa amekwisha kukitenga mwaka 1661 kutoka katika mti wa boksi. Walipotaka kukipa jina waliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: methy, yaani mvinyo, na hyle, yaani mbao. Hata hapo walijikwaa, kwa kuwa hyle ni msitu au malighafi kwa jumla, na mbao kama kitu kinachoshikika Wagiriki waliiita xylon. Kwa hiyo jina lilizaliwa na kosa la Kigiriki, likapitia Kifaransa na Kiingereza, na sisi tukalipokea tukalipa uraia. Tena mbao zimekwisha kuondoka katika habari hii. Tangu 1923, kiwanda cha Leuna nchini Ujerumani kilipoanza kuunganisha kaboni monoksidi na haidrojeni kwa kichocheo, methanoli imekuwa zao la gesi na makaa ya mawe. "Pombe ya mbao" basi ni jina lenye nomino mbili, na zote mbili ni uongo.

Neno "alkoholi" lina historia inayoniuma zaidi. Asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja. Ndio wanja wa manga ambao mama zetu wa Lamu na Mombasa huupaka machoni. Wanaalkemia wa Ulaya walilichukua neno hilo kwa maana ya unga uliosagwa ukalainika kabisa, wakalihamishia kwenye kiini cha kitu chochote, na katika karne ya 16 Paracelsus akaliweka kwenye kiini cha mvinyo. Ndivyo jina la dawa ya kupendezesha macho lilivyoishia kwenye jamii ya viowevu ambavyo kimojawapo huyaua macho. Mwenye kuujua mkondo huu hawezi kukaa kimya anapoona tumepewa nafasi ya kuita upya, nasi tukaitupa.

Pendekezo langu ni kipofusho. Nimelitetea kwa barua na kwa mdomo, na nitaendelea kulitetea.

Limeundwa kwa njia ambayo kila mzungumzaji anayo mdomoni. Tuna -burudisha, tukapata kiburudisho. Tuna -tambulisha, tukapata kitambulisho. Tuna -pofusha, na kipofusho kinakuja chenyewe bila kusukumwa. Linasimama kando ya kileo, ambalo nalo limetoka kwenye kitenzi cha kile kinachompata mtu: kimoja hulevya, kingine hupofusha. Mama asiyejua hata herufi moja ya kemia akiambiwa "hicho ni kipofusho" atakiondoa walipo watoto kabla hujamaliza sentensi. Watu wa mitaani walilielewa hili mapema kuliko sisi wenye vyeti. Walioiita chang'aa "machozi ya simba" hawakumdanganya mnywaji juu ya anachokishika.

Mwenzangu mmoja, ambaye heshima hainiruhusu kumtaja, alisema mkutanoni kwamba kiambishi -o huonyesha kifaa kilichokusudiwa, hivyo kipofusho kitadhaniwa kimetengenezwa ili kupofusha watu. Yeye anataka kipofushi. Namuuliza: kikwazo kilikusudiwa na nani? Mwingine akasema kemikali hii huua pia, kwa nini tutaje macho tu? Kwa sababu kuua ni kazi ya sumu nyingi, na neno sumu tunalo. Alama ya methanoli ni macho. Ikishafika kwenye ini hugeuzwa kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, asidi iliyopewa jina la Kilatini la sisimizi kwa kuwa ndimo ilimopatikana kwanza. Asidi hii huzizuia seli zisitumie oksijeni, na neva ya jicho ni miongoni mwa za kwanza kuumia. Mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu mzima. 30 zinaweza kumuua. Ubaya wake mkubwa ni kuchelewa: aliyekunywa huweza kulala salama, na dalili zikaanza baada ya saa 12 hadi 24, aone ukungu mweupe, apumue kwa haraka, atapike. Jina linalotaja macho humfundisha muuguzi swali la kwanza la kumuuliza mgonjwa.

Wapo pia wanaosema tuache "methanoli" ilivyo, nayo itatosha. Darasani inatosha. Mwanafunzi wa kidato cha nne aijue pamoja na ethanoli na alkanoli nyingine, aandike fomula zake, apate alama zake. Lakini kwenye mtungi, methanoli na ethanoli zimetenganishwa na mwanzo wa neno tu, na mwandiko wa haraka huufuta mwanzo huo. Macho na pua pia hayasaidii: vyote viwili ni vyangavu kama maji, vyote vina harufu ya spiriti. Kwa hiyo lebo ibebe yote mawili, kipofusho kwa herufi kubwa na methanoli chini yake.

Kuhusu matumizi, machache yanatosha kwa fundi. Kisihamishiwe kwenye chupa ya soda wala ya maji. Kifanyiwe kazi penye hewa, kwa glavu za mpira wa butili, maana hupenya ngozi na mvuke wake hudhuru. Kisikae karibu na jiko wala cheche za kuchomelea. Hushika moto hata siku ya baridi, na mchana mwali wake hauonekani vizuri, hivyo mtu huungua kabla ya kujua panawaka. Kikimwagikia ngozi au jicho, maji mengi kwa dakika 15. Kikimezwa, hospitali papo hapo hata kama mtu anajisikia mzima. Kule daktari huweza kutumia fomepizoli au ethanoli kulizuia ini lisikigeuze, na mashine ya kusafisha damu.

Rasimu haijapigwa chapa bado. Nawaomba wanakamati waifute "pombe ya mbao" katika herufi ya P, warudi katika herufi ya K waandike hivi:

kipofusho nm vi- [ki-/vi-] kiowevu cha viwandani chenye sumu, kisicho na rangi, kinachopofusha na kuua kikinywewa, methanoli.