Ardhi ya Taifa, Wanyama wa Jimbo

Leo twende Marekani, katika jimbo la Montana. Huko yuko kulungu mwenye masikio marefu kama ya baghala. Watu hutoka majimbo ya mbali kumwinda, wengine kwa upinde na mshale. Mwenye upinde lazima amkaribie mnyama sana, basi hupanga safari yake miezi mingi kabla.

Sehemu kubwa ya nchi ile ni ardhi ya serikali ya taifa. Lakini wanyama wako chini ya amri ya jimbo, nalo ndilo hutoa leseni. Mwaka 1976 mgeni aliyetaka kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii hiyo, alilazimika kununua leseni moja ya elki, kulungu, dubu mweusi, ndege na samaki, kwa dola 225. Mwenyeji alipata ruhusa zile zile kwa dola 30 tu.

Je, ni haki? Wawindaji wa Minnesota walishtaki. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani ilikata shauri: majaji 6 walikuwa upande wa jimbo, 3 walikataa. Wale 6 walisema uwindaji huo ni mchezo, si riziki ya mtu; tena kodi za wenyeji husaidia kuwatunza wanyama. Hoja ya kodi ina nguvu, lakini mara 7 na nusu! Jadilianeni darasani.

Hata leo mgeni hulipa zaidi, na leseni yake hupigiwa kura.