Gondokoro: Mji Uliotangulia Juba



Ndugu wasomaji, mtoto wa Juba akiulizwa mji wake ulianzaje, mara nyingi hujibu kwamba Waingereza ndio walioujenga. Ni kweli kwamba karibu mwaka 1930 serikali yao ilihamisha makao ya jimbo kutoka Mongalla na kuyaleta Juba, katika ardhi ya Wabari. Lakini habari zenyewe zilianza mapema zaidi, ng'ambo ya Mto Nile, mahali paitwapo Gondokoro.

Mwezi Januari 1841 merikebu zilizotumwa na Muhammad Ali, mtawala wa Misri, zilifika hapo zikiongozwa na Salim Qapudan. Wabari walikuwa wakiishi hapo na mifugo yao. Baada ya njia kufunguka, wafanyabiashara wa Khartoum walifuata pembe za ndovu, kisha wakageukia watu. Walijenga zariba, yaani kambi zilizozungushiwa ua wa miiba, na vijiji vingi vikatekwa.

Mwaka 1871 Mwingereza Samuel Baker alipandisha hapo bendera kwa jina la Khedive Ismail wa Misri, akapaita Ismailia. Alisema amekuja kukomesha utumwa, lakini yeye pia alipigana na Wabari. Mwaka 1874 Gordon aliyahamishia makao Lado.

Hapa tuwe wakweli mbele ya watoto wetu. Miongoni mwa wale waliouza watu walikuwamo waliosali na kufunga. Uislamu hauwatakasi kwa dhuluma yao, na sisi hatuna haja ya kuwatetea.

Lakini kisa hakiishii hapo. Askari wengi wa serikali ile walikuwa vijana wa kusini waliotekwa kwanza kama watumwa. Kambini walisilimu, wakaoa, na wakaunda lugha yao kutokana na Kiarabu. Lugha hiyo ndiyo mzazi wa Kiarabu cha Juba, ambacho leo kinasemwa sokoni na Muislamu na Mkristo pia. Emin Pasha alipoondoka na Stanley mwaka 1889, baadhi ya askari walibaki na Selim Bey karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua Uganda. Wajukuu wao ni Wanubi wa Bombo na wa Kibera, Nairobi, na Kinubi chao ni ndugu wa Kiarabu chetu.

Basi wazazi, mtoto wenu Muislamu akiambiwa kuwa yeye ni mgeni katika nchi hii, msimfundishe kujibu kwa hasira. Mfundisheni historia. Aijue haki ya Wabari, wenye ardhi. Ayajue machozi ya waliotekwa. Na ajue kuwa wengi waliosilimu katika kambi zile walikuwa wana wa kusini hii hii. Anayeyajua hayo hatamdharau jirani, wala hatakubali kudharauliwa.

Wabillahi tawfiq.