Gemu za kutafuta vitu: ile ya bure ndio hukula doo

Msee, uko Lurambi, madarasa ya Masinde Muliro yameisha na umebaki na kompyuta tu? Cheki gemu za kutafuta vitu vilivyofichwa. Unapewa picha imejaa vitu na orodha: ufunguo, saa, kisu. Ukivipata, unatatua fumbo, stori ya kesi inasonga. Mystery Case Files: Huntsville ya Big Fish, 2005, ni kati ya zile zilizovumisha hizi gemu kwa kompyuta. Usibonyeze ovyo, nyingi hukuadhibu. Anza kwa kona, tafuta umbo kabla ya rangi.

Sasa chunga mfuko. June's Journey ya Wooga, kampuni ya Berlin, ilitoka 2017, na kuipakua ni bure. Lakini kila picha inakula nguvu. Zikiisha unangoja zijirudishe ama unalipa. Hapo ndio Fuliza huingia. Zile za kompyuta mara nyingi unanunua mara moja, unacheza bila intaneti. Big Fish imekuwa ikitoa saa 1 ya kujaribu kabla ulipe. Maliza hiyo saa kwanza. Ikikubamba, nunua. Isipokubamba, futa, songa mbele.