Nani Mwenye Haki ya Kusamehe? Sipriani wa Karthago na Wakristo Walioanguka

Mababa wa Kanisa tumezoea kuwataja kama waandishi: Tertuliani aliyeipa imani msamiati wa Kilatini, Origene na ufafanuzi wake wa Maandiko, Agostino na wingi wa vitabu vyake. Usomaji huo una haki yake, lakini unaficha jambo kubwa. Sehemu kubwa ya mawazo yaliyolijenga Kanisa la karne za mwanzo ilizaliwa pale kiongozi alipolazimika kukata shauri la watu anaowajua, huku pande zote zikimkazia macho. Ushahidi ulio wazi zaidi ni Sipriani, askofu wa Karthago, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo. Barua zake zimehifadhiwa katika mkusanyo wa barua 81, zikiwemo alizoandikiwa yeye, na ndani yake twaona fundisho likijengwa siku hadi siku, kabla halijawa fundisho.

Sipriani alikuwa mtu wa mali na mwalimu wa balagha. Alibatizwa mnamo mwaka 246, na baada ya miaka miwili mitatu tu waumini wakamchagua kuwa askofu, ingawa baadhi ya mapadri wakongwe walimpinga. Hajatulia kitini, Kaisari Decius akaagiza wakazi wote wa dola watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati ya kuthibitisha. Hati kadhaa za namna hiyo zimefukuliwa Misri. Mojawapo, ya mwaka 250, ni ya mzee wa miaka 72 aitwaye Aurelius Diogenes, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Anaieleza kamati ya kijiji chake kwamba siku zote amewatolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya macho yao, amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka. Anaomba watie sahihi. Hapakuulizwa kama mtu ni Mkristo. Kila mtu alitakiwa kufika, na jina ambalo halikufika lilijisema lenyewe.

Huko Karthago Wakristo wengi walifika. Wengine walitoa sadaka, wengine wakahonga maofisa wapate hati bila kugusa madhabahu. Wachache waliokataa walifungwa na kuteswa, na heshima yao ikapanda mno. Ndipo waliofungwa, waungama dini, wakaanza kuwaandikia walioanguka barua za amani ili wapokewe tena mezani pa Bwana. Sipriani analalamika kwamba barua nyingine hazikutaja hata majina: ziliagiza tu fulani apokewe “pamoja na watu wake”. Watu wake wangapi? Ndugu, watumwa, wapangaji? Barua moja ingeweza kuingiza ukoo mzima bila hata mmoja kuulizwa alifanya nini.

Jibu lake lilikuwa kusubiri. Mateso yakipoa, alisema, maaskofu watakutana, na kila shauri litasikilizwa mbele ya watu. Mkutano wa mwaka 251 ulifanya hivyo: walionunua hati wangeweza kupokewa baada ya kuchunguzwa mmoja mmoja, waliotoa sadaka wangebaki katika toba, wapewe amani wakiwa kufani. Tishio jipya lilipokaribia, maaskofu walilegeza uamuzi huo na kuwarudisha wote waliokuwa wakitubu, kwani si haki kumtaka mtu akabili kifo huku amenyimwa Mwili na Damu ya Bwana. Hapa ndipo ilipo nguvu ya hoja yangu. Kule Roma, padri Novatiani alikuwa na kanuni safi kabisa: aliyeabudu sanamu hana nafasi tena katika Kanisa. Kanuni ya Sipriani ilibadilika mara mbili katika muda mfupi, nayo ndiyo iliyodumu, kwa sababu ilichongwa na hali halisi za watu.

Kuna wanaosema kwamba huyu alikuwa tajiri wa Kirumi aliyetumia maafa kuimarisha kiti cha askofu. Ni kweli kwamba alikipandisha sana kiti hicho. Lakini mapema kabisa aliwaandikia mapadri wake kwamba tangu mwanzo wa uaskofu wake aliazimia asifanye lolote bila ushauri wao na ridhaa ya waumini. Tena askofu aliyezuia barua za fulani na watu wake ndiye aliyechanga sarafu za Kirumi, sesterti 100,000, pamoja na Kanisa lake, kuwakomboa Wakristo wa Numidia waliotekwa na wavamizi. Shutuma nzito zaidi ni kwamba alijificha wakati wenzake wakifungwa. Mapadri wa Roma waliandika barua iliyomsema kwa mafumbo juu ya mchungaji anayekimbia. Sipriani hakunyamaza, aliwapelekea nakala za barua alizoandika akiwa mafichoni, wajionee kama kundi lilikosa mchungaji. Naona jibu hilo linatosha hata kabla ya tarehe 14 Septemba 258, alipokatwa kichwa mbele ya waumini wake, baada ya kuagiza aliyepangiwa kumkata apewe vipande 25 vya dhahabu.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba alikosea. Alisisitiza kuwa ubatizo uliotolewa nje ya Kanisa si ubatizo, akagombana vikali na Papa Stefano. Mwaka 256 maaskofu 87 walitamka msimamo wao mmoja baada ya mwingine, wote upande wake. Mtaguso wa Arles wa mwaka 314 uliamua kinyume. Lakini alipofungua kikao kile cha 256 Sipriani alitangaza kwamba kila mmoja aseme anavyoona, na kwamba hakuna atakayehukumiwa wala kutengwa kwa kuona tofauti. Mnamo mwaka 400 Wadonati, Wakristo wa Afrika waliojitenga na Kanisa, walipolishika jina la Sipriani kutetea mgawanyiko wao, Agostino aliandika vitabu saba juu ya ubatizo: akakubali kuwa Sipriani alikosea, akawaonyesha Wadonati maneno yale ya ufunguzi, akawauliza kwa nini wanamfuata katika kosa na kumwacha katika umoja.