Mwanafunzi Aliyembishia Mkuu wa Kitivo

Januari 29, 1960, ikiwa imebaki miezi mitano Kongo ipate uhuru, Tharcisse Tshibangu alijadiliana hadharani na mwalimu wake katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, jiji ambalo leo ni Kinshasa. Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi huko Katanga, alikuwa bado mwanafunzi. Mwalimu huyo alikuwa Padri Alfred Vanneste, Mbelgiji, mkuu wa kitivo cha teolojia.

Hoja ya Tshibangu ilikuwa hivi: ufunuo wa Mungu ni mmoja, lakini kila watu huupokea kwa namna yao ya kufikiri. Wagiriki na Walatini walifanya hivyo, wala hakuna aliyewalaumu. Basi teolojia yenye sura ya Kiafrika inawezekana.

Vanneste alikataa. Kwake teolojia ni elimu ya wote, na Mwafrika alipaswa kwanza kuwa mwanateolojia kamili, asijifungie katika mambo ya kwao akaishia kuhesabiwa wa daraja la pili. Tusimwone mtu mbaya. Chini ya Wabelgiji, kwa muda mrefu seminari ndiyo iliyokuwa shule ya juu kabisa kwa Mkongo. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji, alipata upadrisho mwaka 1917, na Lovanium yenyewe ilifunguliwa 1954 tu. Elimu pungufu kwa weusi ilikuwa jambo la kweli, na kuihofia kulikuwa haki. Ila alichokiita Vanneste cha wote kilikuwa kimepikwa Ulaya, kwa maswali ya Ulaya, na hapo ndipo naona mwanafunzi alimshinda.

Wala Tshibangu hakuwa peke yake. Mwaka 1956 mapadri weusi, miongoni mwao Vincent Mulago wa Bukavu, walikuwa wamechapisha kitabu huko Paris wakihoji mafunzo waliyopewa. Mulago aliandika tasnifu yake Roma kuhusu umoja wa uhai kwa Washi, Wanyarwanda na Warundi: walio hai na waliotangulia ni ukoo mmoja.

Mwaka 1967 Tshibangu akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa Lovanium. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha utaratibu wa misa kwa majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ambamo mababu wenye moyo mnyofu huitwa mwanzoni kabisa, pamoja na watakatifu.